Maswali ya Wasomaji: Biashara ya Pamoja na Amani ya Mtaa

Toleo lililopita lilikuwa na makala kuhusu ujasiriamali jumuishi, yaani biashara zinazojengwa kwa namna ambayo wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na jamii zilizoachwa nyuma wanapata nafasi ya kweli ndani yake, na makala hiyo ilidai kwamba njia hii hujenga amani mitaani. Barua zilizotufikia kutoka pande zote za Mombasa zinaonyesha kwamba wasomaji hawakulipokea dai hilo kwa urahisi. Tumechagua barua chache, tukazifupisha, na majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Ndugu Mshauri, nimezaliwa Likoni na wanangu nimewalea hapa hapa. Nilialikwa kwenye semina, tukaambiwa kwamba tukifanya biashara pamoja chuki itakwisha. Mimi naikumbuka Agosti ya mwaka 1997. Kabla ya siku ile tulikuwa tukiuziana na kununuliana kila asubuhi, watu wa bara na sisi wa hapa, na bado vibanda vilichomwa. Je, haya si maneno ya kutuliwaza tu?
*Mama wa Wanne, Likoni*

Mama yangu, kumbukumbu yako ina uzito kuliko semina ile, na nitakujibu bila kuzunguka. Biashara peke yake haileti amani. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua silaha, na katika majuma yaliyofuata zaidi ya watu 100 waliuawa huku maelfu kwa maelfu, wengi wao wenye asili ya bara, wakiyakimbia makazi yao. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, ilisikiliza ushahidi mwingi kuhusu mkono wa siasa katika umwagaji damu ule. Lakini waliochochea walikuta kuni zimekwisha kukauka: ardhi isiyo na hati, pamoja na kazi za bandarini na mahotelini ambazo vijana wa Pwani waliziona zikiwapita kila mwaka. Mtu anaweza kununua nyanya kwa jirani yake kila siku na bado asisahau kwamba kiwanja anacholala si chake.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba mkopo utachukua nafasi ya hati ya ardhi hakutendei haki. Shamba la Waitiki hapo kwenu, ardhi ya ekari 930 iliyokuwa mali ya mtu binafsi huku ikikaliwa na wakazi wasio na hati, lilihitaji serikali kuingilia kati na fedha za umma kutumika ndipo wakazi walipoanza kupewa hati mwezi Januari 2016. Hakuna chama cha akina mama ambacho kingelimaliza jambo lile kwa akiba ya wanachama wake, na si haki kuwatwisha wafanyabiashara wadogo mzigo wa dhuluma ambayo hawakuitenda.

Uchunguzi mmoja uliofanywa kaskazini mwa Uganda unaunga mkono shaka yako. Baada ya vita vya miaka mingi, serikali ya nchi hiyo iliwapa vijana waliojiunga katika vikundi ruzuku ya wastani wa dola 382 kwa kila mtu ili wajifunze ufundi na kununua vifaa. Wachumi watatu, Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez, waliwafuatilia vijana hao, na baada ya miaka minne walikuta kipato chao kimezidi cha wenzao waliokosa ruzuku kwa asilimia 38. Hayo ni matokeo mazuri sana, na familia nyingi zilinufaika. Lakini walipopima kama vijana hao wamekuwa wapole zaidi, au wameshikamana zaidi na jamii zao, hawakuona tofauti yoyote ya maana. Fedha iliingia mifukoni, ila mahusiano yalibaki palepale.

Hata hivyo, Mama, kuna ushahidi mwingine unaotuhusu sisi watu wa bahari moja kwa moja. Mtafiti Saumitra Jha alilinganisha miji ya India iliyokuwa bandari za biashara ya Bahari ya Hindi katika zama za kati na miji mingine iliyofanana nayo. Kati ya mwaka 1850 na 1950, karne nyingi baada ya biashara ile ya kale kupungua, miji iliyowahi kuwa bandari ilipatwa na ghasia za Wahindu na Waislamu mara chache zaidi kuliko ile mingine. Alipotafuta sababu aliona kwamba wafanyabiashara wa Kiislamu walikuwa na mtandao wa masoko ng'ambo ambao Wahindu hawakuweza kuuiga wala kuunyang'anya, nao Wahindu walikuwa na bidhaa na huduma ambazo Waislamu walizihitaji. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwingine hana. Kwa vizazi vingi wakajenga desturi na taasisi za kugawana faida na kusuluhishana, na desturi hizo zilidumu kuliko biashara yenyewe.

Hapo ndipo ninapouona msingi wa jambo zima. Tazama samaki anavyosafiri hapo Likoni. Mvuvi anamleta ufuoni kwa ngalawa au mashua, tajiri aliyemkopesha nyavu na injini anampima na kumnunua, na mama karanga, yaani mwanamke anayekaanga samaki na kuwauza, anachukua tasi na changu wa kiasi cha mfuko wake. Jioni, kando ya njia ya feri, sufuria ya mama karanga inahitaji mafuta, ndimu, pilipili na vitunguu, na sehemu kubwa ya vitunguu hivyo imetoka bara kwa lori hadi soko la Kongowea, ikavushwa na mtu wa mkokoteni. Mgiriama, Mdigo, Mkamba, Mkikuyu na Mswahili wamekutana katika sahani moja ya samaki, na akiondoka mmoja wote wanapata hasara.

Sasa linganisha na mpango ambao tumeuona mara nyingi: watu kumi wa makabila kumi wanapewa mikopo kumi inayolingana, na wote wanakwenda kutandaza mitumba ile ile kwenye kipande kile kile cha barabara. Kila mmoja anamwona mwenzake kuwa ndiye anayemnyima mteja. Ongeza uhaba wa nafasi, ongeza askari wa kaunti wanaomfukuza huyu na kumwacha yule, kisha ongeza mwanasiasa anayetafuta kura, na utakuta fedha za amani zimenunua ugomvi. Ninasema hivi kwa uchungu, kwa sababu mipango hiyo huripotiwa kuwa imefaulu mara tu picha za kukabidhi hundi zinapopigwa.

Wala mpangilio wa samaki nao haujakamilika. Tajiri ndiye anayepanga bei, kwa kuwa mvuvi ana deni lake, na mama karanga huachiwa samaki wa mwisho kwa bei asiyoweza kuijadili. Kukamilishana bila haki huzaa kinyongo, na hilo linaeleza sehemu ya uliyoyaona mwaka 1997. Kwa hiyo ukialikwa tena kwenye semina, simama uwaulize waandalizi wanataka kuwaunganisha nyinyi mnaouza kitu kimoja au nyinyi mnaohitajiana, na katika huo muungano ni nani atakayepanga bei na nani ataruhusiwa kulisoma daftari la hesabu. Wasipokuwa na jibu, una haki ya kurudi nyumbani ukaendelee na shughuli zako.

Assalamu alaykum. Chama chetu kina wanawake 24: Waswahili, Wagiriama, Wakamba, Waluo, na Wasomali wawili. Tulianza kwa mchezo wa kupokezana, baadaye tukawa tunaweka akiba na kukopeshana. Sasa mwekahazina, ambaye ni mtu wa bara, amekawia kutoa hesabu na minong'ono imeanza kwamba "hao ndivyo walivyo". Naogopa chama kitavunjika kwa ukabila, nami sijui kama niite wazee watuhubirie umoja.
*Katibu wa Chama, Kisauni*

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Usiite wahubiri kwanza. Ita kikao cha hesabu, tena wiki hii, kwa sababu tatizo lenu lilianza kwenye daftari ndipo likaingia kwenye kabila. Hesabu ikikawia, hata kwa sababu inayoeleweka kama mtoto kulazwa au simu kuibwa, wanachama hujaza pengo hilo kwa dhana, na dhana kuhusu mtu wa jamii nyingine huwa mbaya haraka kuliko dhana kuhusu ndugu.

Kuna utaratibu wa vikundi vya akiba ulioanzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ambao tangu wakati huo umeenea katika nchi nyingi za Afrika, ikiwemo Kenya. Nguvu yake imo katika mambo madogo ambayo mtu anaweza kuyadharau. Fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, hakuna hata mmoja kati yao aliye mwenyekiti, katibu au mweka sanduku. Sanduku halifunguliwi ila mbele ya kikao. Kila mwanachama huitwa kwa nambari, huja mbele, hutoa fedha yake hadharani, wahesabuji wawili huihesabu kwa sauti na kitabu chake hupigwa muhuri papo hapo. Kabla ya kufunga, kiasi kilichobaki hutangazwa na wote hutakiwa kukiweka akilini. Kikao kinachofuata huanza kwa kuwauliza wanachama kiasi hicho, nao hukitaja kabla sanduku halijafunguliwa. Hata bibi asiyejua kusoma anakuwa mkaguzi wa hesabu.

Nataka usimame kidogo hapo, kwa maana hilo ndilo linalowaunganisha watu wa asili mbalimbali kuliko hotuba yoyote. Utaratibu huu haumtaki Mluo amwamini Msomali kabla hajamjua. Unampa nafasi ya kumwona akitenda uaminifu mara kwa mara, mpaka imani ije yenyewe. Kama fedha zenu ziko kwenye simu, fanyeni vivyo hivyo: ujumbe wa salio usomwe kwa sauti mwanzoni na mwishoni mwa kikao, simu ishikwe na mtu mmoja na namba ya siri ijulikane na mwingine, na taarifa ya miamala ichapishwe kila mwezi.

Kuhusu mwekahazina wenu, mpeni nafasi ya kueleza mbele ya wote. Akiwa na upungufu, andikeni kiasi, tarehe ya kulipa na faini kama katiba ya chama inavyosema, na kosa liitwe kwa jina lake bila kutaja alikozaliwa. Akikutwa safi, yule aliyesema "hao ndivyo walivyo" naye aombe radhi katika kikao hicho hicho, na muhtasari uandikwe. Kama hamjasajiliwa, jisajilini chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kwani chama chenye katiba iliyoandikwa na kusajiliwa hakitegemei hisani ya mtu mmoja. Nafasi za uongozi zizunguke kwa muda maalumu. Sishauri mzigawe kwa kabila, maana mkianza hivyo kila uchaguzi utakuwa sensa.

Shikamoo. Mimi ni kijana wa Majengo, nauza manukato na kofia. Mikopo ya serikali ipo, lakini mingi ina riba na dini yangu hainiruhusu. Wenzangu wanasema ninajitenga na maendeleo kwa hiari yangu. Je, nifanyeje?
*Muuza Manukato, Majengo*

Marahaba, mwanangu. Hujajitenga, ni mpango ulioandaliwa bila kukufikiria. Mpango wa fedha unaokuja Mombasa, mji ambao Waislamu ni sehemu kubwa ya wakazi wake, kisha ukawa na mlango mmoja tu wa riba, hauwezi kuitwa jumuishi hata ukipambwa vipi. Mfuko wa Hustler, uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ulianza kwa kuwakopesha watu binafsi kati ya shilingi 500 na 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Riba hiyo ni ndogo ikilinganishwa na mikopo mingi ya simu, lakini kwa anayeiona riba yote kuwa haramu, udogo wake haubadilishi hukumu.

Mfuko wa Uwezo, ulioanzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, umekuwa ukikopesha bila riba kwa ada ya uendeshaji ya asilimia 3, inayotozwa mara moja. Wapo wanaoiona ada hiyo kuwa gharama halali ya kazi, na wapo wanaoitilia shaka kwa kuwa imehesabiwa kwa asilimia ya mkopo. Mimi si mufti, na suala hilo mpelekee shekhe unayemwamini ukiwa na fomu ya mkopo mkononi, ili ajibu kuhusu maandishi yaliyopo, asijibu kuhusu tetesi. Benki zinazofuata sharia kikamilifu zimekuwapo nchini tangu mwaka 2008, ingawa mfanyabiashara wa kiwango chako mara nyingi hukwama kwenye masharti ya dhamana.

Njia ninayoipenda zaidi kwa mtu kama wewe ni ile ambayo wazee wetu wa Mji wa Kale waliifahamu vizuri. Katika mudharaba mmoja hutoa mtaji na mwingine hutoa kazi, na faida hugawanywa kwa sehemu waliyokubaliana tangu mwanzo. Ikitokea hasara isiyotokana na uzembe, mwenye mtaji hupoteza mtaji na mfanyakazi hupoteza jasho lake. Katika musharaka wote wawili hutia mtaji. Mikataba hii inamfaa asiye Mwislamu vilevile, na mimi naiona kuwa na faida kubwa kwa amani ya mtaa, kwa sababu anayekupa mtaji kwa namna hii hakuachii hatari zote wewe. Biashara ikidorora mwezi wa mvua, nyote wawili mnaketi kutafuta njia, hakuna anayekuja kuchukua televisheni ya mama yako. Andika mkataba, weka mashahidi, na hesabu ya gharama uipige kila mwezi mbele ya mshirika wako, kwa maana ushirika wa namna hii huvunjika pale gharama za nyumbani zinapochanganywa na za duka.

Ndugu Mshauri, nina karakana ya kuchomelea milango na madirisha ya chuma. Imamu na chifu wameniomba niwachukue vijana wawili waliotoka kwenye magenge ya mapanga. Mke wangu anaogopa, na wateja wakijua watanikimbia. Lakini nikikataa, vijana hawa watakwenda wapi?
*Fundi Chuma, Kisauni*

Ndugu yangu, hofu ya mkeo ni halali, na wakazi wa Kisauni waliojeruhiwa na vijana wa mapanga wanastahili kusikilizwa kabla ya mtu yeyote kuzungumza juu ya kusamehe. Nimeona hafla ambazo vijana waliojisalimisha walipewa pikipiki mbele ya kamera, huku mwenye duka waliyempora ameketi nyuma bila hata kutajwa. Jambo kama hilo huwafundisha vijana watulivu kwamba panga ndilo linaloleta mtaji.

Hata hivyo kuna njia yenye ushahidi. Mjini Monrovia, Liberia, watafiti wakiongozwa na Christopher Blattman, yule yule niliyemtaja kwa habari ya Uganda, walifanya kazi na wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, dawa za kulevya na ghasia. Waliwagawa kwa kura: kundi moja likapata majuma manane ya mafunzo ya kuitawala hasira, kupanga siku zao na kujizoeza tabia ya mtu anayeheshimika, kundi la pili likapata dola 200 taslimu, la tatu likapata vyote viwili, na la nne halikupata chochote. Waliopata fedha tu walirudi walikokuwa baada ya muda mfupi, mara nyingi kwa kuwa fedha ziliibwa au ziliisha. Waliopata mafunzo tu walitulia, lakini utulivu ule ulififia. Waliopata vyote viwili ndio waliobadilika kwa kudumu, na walipofuatwa tena baada ya miaka kumi, uhalifu miongoni mwao ulikuwa umepungua kwa karibu nusu. Maelezo ya watafiti yanaingia akilini: fedha zile ziliwapa miezi michache ya kuishi kama wafanyabiashara wadogo, wenye nguo safi na kazi ya kufanya, hivyo waliyofundishwa yakapata mahali pa kufanyiwa mazoezi mpaka yakawa tabia.

Kwa hiyo waambie imamu na chifu kwamba wewe unatoa kazi, na wao wasikimbie sehemu yao. Awepo mtu mzima wa kukaa na vijana hao kila juma kwa miezi kadhaa, na asiwe wewe, kwa kuwa mwajiri hawezi kuwa mlezi, bosi na polisi kwa wakati mmoja. Anza na mmoja. Wawili waliotoka genge moja wakiwa pamoja watabaki genge. Mweke na fundi mwenye subira, tofauti naye kwa kabila ikiwezekana, katika kazi ambayo mmoja hawezi kuimaliza bila mwenzake: huyu anashikilia fremu na kupima pembe, yule anachomelea. Mlipe kila Jumamosi na siyo kwa mwezi, maana mwezi ni mrefu mno kwa mtu ambaye marafiki wake wa zamani wana fedha kila usiku. Usimpe fedha za wateja mwanzoni, na pia usimweleze hivyo mbele ya watu. Kumpeleka kupima milango majumbani kusubiri. Hapo mkeo na majirani wako wana haki ya kusema hapana.

Wateja usiwafiche wala usiwatangazie. Akikuuliza mtu, mwambie ukweli: kijana huyu yuko kwenye mafunzo, na dhamana ya kazi ni mimi.

Natumia kiti cha magurudumu na ninashona sare za shule. Nimesikia kuna zabuni za serikali zilizotengewa watu kama mimi. Ni kweli, au ni za walio na jamaa ofisini?
*Mshonaji, Changamwe*

Ni kweli, dada, na ni haki yako kisheria. Tangu mwaka 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengwa kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na Kifungu cha 227 cha Katiba ndicho kinachofungua mlango wa upendeleo wa namna hiyo. Ukisajili biashara kama kampuni au ubia, angalau asilimia 70 ya umiliki iwe mikononi mwa watu wa kundi husika na uongozi wote uwe wao, kisha mwombe cheti Hazina ya Taifa. Tahadhari na mtu mwenye fedha anayetaka kutumia jina lako kupata cheti halafu akupe kitu kidogo pembeni. Hilo ni kosa, na likigunduliwa jina litakalochafuka ni lako.

Tahadhari nyingine ni malipo. Serikali kuu na za kaunti hulimbikiza madeni ya wazabuni, na mshonaji aliyekopa kununua vitambaa anaweza kufilisika huku anadai. Anza na zabuni ndogo ambayo malipo yake yakikawia hutakosa kodi ya nyumba, na usiwaache wateja wako wa kawaida. Ukiweza, tembelea karakana za Bombolulu kwenye barabara ya Malindi, zilizoanzishwa mwaka 1969, ambako watu wenye ulemavu wametengeneza vito, bidhaa za ngozi, nguo na kazi za mbao kwa zaidi ya nusu karne na kuziuza hadi ng'ambo. Huko bidhaa hununuliwa kwa ubora wake, na wewe una haki ya kudai kipimo hicho hicho. Na ukienda ofisi ambayo fomu za zabuni hutolewa ghorofani kusiko na lifti, lalamika kwa maandishi. Ngazi ile inawazuia wengi kuliko sheria inavyowaruhusu.

Jirani yangu ni Mpemba, mvuvi, amezaliwa hapa Kenya. Kikundi chetu cha kuuza samaki kilimkatalia uanachama kwa kuwa hana kitambulisho. Tufanyeje?
*Mvuvi Mwenzake, Mkomani*

Wapemba wa Kenya walitambuliwa rasmi na serikali mwaka 2023 baada ya kuishi vizazi kadhaa nchini bila uraia, na wengi wao wamekwisha kupewa vitambulisho. Kabla ya hapo Mpemba hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake, hivyo hakuwa na M-Pesa, hakuwa na akaunti ya benki wala leseni, na samaki wake alimuuza kwa kupitia mgongo wa mtu mwingine, aliyemkata alivyotaka. Msindikizeni kwa chifu na kwenye ofisi ya usajili wa watu, mkiwa na wazee wawili wanaoifahamu familia yake, na ulizeni utaratibu wa jamii yake hasa, maana makarani wengine humpanga kwenye foleni ya wageni.

Wakati anasubiri, kikundi kinaweza kumwandika kwenye daftari lake kama muuzaji, kilo zake zipimwe kwa mizani ile ile na alipwe bei ile ile mliyojipangia. Malipo yake akipokelewa na jirani kwa simu, pawe na karatasi yenye kiasi, tarehe na sahihi za mashahidi wawili, na nakala moja abaki nayo mwenyewe.